Jinsi ya kulielewa neno "run" bila kukariri kamusi nzima

Mimi natafsiri mchana na jioni nafundisha Kiingereza, na neno linalowasumbua wanafunzi wangu kuliko hata yale magumu ya mahakamani ni hili hili "run". Wanalijua tangu shule ya msingi kwamba ni kukimbia, afu wanakutana na "my nose is running" wanakwama. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya walilihesabia maana 645 kama kitenzi peke yake, kwaiyo habari ya kukariri isahau. Fanya hivi.

Hatua ya 1: angalia nani au nini kina-run. Mtu au mnyama, mara nyingi ni kukimbia kweli. Kitu cha majimaji, kinatoka au kinatiririka: "the tap is running" bomba liko wazi maji yanatoka, ile ya pua ni kamasi zinatoka, na "the colours ran" ni nguo imechuja rangi. Mashine inafanya kazi. Basi likiwa "runs every hour" lipo kila baada ya saa moja, hata kama njiani linatambaa.

Hatua ya 2: angalia kinachofuata. "She runs a salon", huyo dada hakimbii popote, anaendesha saluni. "Run a bath" unafungulia maji ya kuoga yajae, "running a temperature" mtu ana homa. "Run for president" ni kugombea urais, ila kwenye ubunge Muingereza mara nyingi atasema "stand".

Hatua ya 3: angalia vile vijineno vya nyuma yake, na hapa naomba utulie maana ndo watu wengi wanapoangukia. "We've run out of gas" haina mtu aliyekimbia wala kutoka nje, ni gesi imetuishia. Ona Kiswahili kinavyogeuza, Mwingereza anaanza na "sisi", sisi tunaanza na gesi na wenyewe tunaingia katikati ya kitenzi, i-me-tu-ishia. Sasa ukianza na gesi kwa Kiingereza ile "of" inaondoka, unasema "the gas has run out" unaishia hapo, usiandike "the gas has run out of", nairekebisha hiyo kwenye madaftari kila wiki jamani. Na "run into" je? "I ran into Juma at Kariakoo" umekutana na Juma bila kutegemea, lakini "the bus ran into a pole" basi limegonga nguzo. "Run over" likiwa gari na mtu, kagongwa.

Hatua ya 4: wakati uliopita ni "ran", ila baada ya "have" au "has" linarudi "run". "I have ran" ni kosa.

Hatua ya 5: chukua sentensi, futa "run", sema kwa Kiswahili nini kinatokea pale. Jaribu hizi: "we're running late", "it runs in the family", "there's a run in her tights".

Majibu: tumechelewa, ni ya ukoo, na ya mwisho soksi ndefu imefumuka mstari, huo ni usemi wa Marekani, London wanauita "ladder".