Posa Si Ndoa: Namna ya Kusoma Habari za Nani Kapewa Filamu Gani

Mimi ni msusi, Ngamiani, Tanga. Rasta ndogo zinakula saa sita hadi saba, na mteja akishakaa kitini hana pa kukimbilia, basi tunaongea filamu. Chini ya kioo nina kaunta buku ninayoandika filamu zinazokuja na nani kapewa nafasi gani. Nilianza kuiandika baada ya kuaibika.

Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba Viola Davis na Lupita Nyong'o watacheza filamu ya wanawake askari wa Dahomey, ufalme wa zamani wa Afrika Magharibi. Nikamtangazia kila aliyeweka kichwa mikononi mwangu. Mwaka 2022 The Woman King ikatoka, nami na mteja wangu wa Jumamosi tukapanda basi mpaka Dar kuitazama. Taa zikazimwa, filamu ikaanza, wakapigana, wakaimba, wakapigana tena. Mwenzangu akaninong'oneza: "Shoga, huyo Lupita wako anaingia saa ngapi?" Kumbe alishajitoa zamani, ni mimi tu sikufuatilia. Bisi na soda zote nikalipa mimi. Filamu ilikuwa kali, hilo halina ubishi, lakini mpaka leo akiingia saluni huanza kuuliza kama Lupita keshafika.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni penseli. Habari yoyote ya msanii kupewa filamu iandike kwa penseli, hata ukiisoma sehemu unayoiamini. Kalamu subiri kwanza.

Usubiri mpaka lini? Hapo mimi hutumia hesabu ya posa. "Anafikiriwa" maana yake mama wa kijana kamwona binti kwenye shughuli, kaulizia ni wa nani, basi. Usiandike hata kwa penseli. "Yuko kwenye mazungumzo" ndiyo barua ya posa: imepelekwa, jibu bado. "Amesaini" ni mahari imepokelewa. Ndoa yenyewe ni kamera kuwashwa na huyo msanii yupo mbele yake. Siku hiyo ndiyo natoa kalamu ya bluu. Na kumbuka kila posa ina mshenga. Msanii wa Hollywood ana wakala wake, na wakala akivujisha kwamba binti anaposwa na nyumba mbili, mahari hupanda. Habari inaweza kuwa ya kweli na bado imetolewa kwa sababu ya bei.

Usidanganyike na mahari. Mwaka 2019 HBO Max, wale wa kuonesha filamu mtandaoni, waliagiza vipindi kumi vya tamthilia ya Americanah, Lupita akiwa steringi na pia mmoja wa watayarishaji. Mradi ulikuwa wake kabisa, aliulea miaka. Ikaja korona, ratiba zikagongana, mwaka 2020 akajitoa, na shughuli yote ikavunjika. (Ndiyo, Lupita tena. Mimi na Lupita tuna kesi.)

Lakini posa iliyonifundisha zaidi ni ya Blade, filamu ya mwindaji wa wanyonya damu. Julai 2019 Mahershala Ali alipanda jukwaani San Diego, kwenye Comic-Con, tamasha kubwa la mashabiki, kavaa kofia ya Blade, ukumbi ukalipuka. Mtu ana Oscar mbili, studio ni Marvel, nini kingeharibika? Mwongozaji wa kwanza akaondoka 2022, wa pili akaondoka 2024. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, na Oktoba 2024 filamu ikatolewa kabisa kwenye kalenda. Mimi ni mtu wa mapambo, kwa hiyo kilichoniuma ni nguo. Ruth Carter, mbunifu wa mavazi aliyepata Oscar mbili kwa kuivalisha Wakanda, ile nchi ya kubuni ya Black Panther, alikuwa ameshaandaa nguo za enzi ya zamani kwa ajili ya Blade. Zikakaa ghalani. Alipoingia kwenye filamu nyingine, Sinners, hadithi ya mwaka 1932, Marvel wakakubali kuziuza kwao. Yaani nguo za harusi zimeshonwa, harusi haipo, zikaenda kuvaliwa kwenye harusi ya jirani, na harusi ya jirani ikafana! Ukiitazama Sinners tena, angalia wale watu wa nyuma wanaopita kituo cha treni na kucheza dansi. Huwa najiuliza nani kavaa nguo ya Blade.

Na kuna balaa kubwa kuliko hilo. Filamu ya Batgirl ilipigwa picha, Leslie Grace akacheza, na Agosti 2022 Warner Bros. wakaifungia kabatini isionekane popote. Bibi harusi kapambwa, hina imekolea, mlango haukufunguliwa. Ndiyo maana kwenye daftari kuna rangi ya tatu, nyekundu, na hiyo inaingia siku nimekaa ukumbini na jina la filamu limetokea kwenye kioo.

Sasa, habari zenyewe uzipate wapi. Kule Marekani kuna magazeti ya kazi hiyo: Variety, The Hollywood Reporter, na Deadline (hili liko mtandaoni tu). Wengine wengi wananakili kutoka hayo matatu, na kila anayenakili anaongeza chumvi. Ukikuta "imeripotiwa kwamba", tafuta nani kairipoti. Ukizunguka dakika tano hujampata wa kwanza, funga, endelea kusuka.

Mpwa wangu yeye ana gonjwa la mabango na trela. Kila wiki ananirushia kitu WhatsApp: "Shangazi, hii inatoka mwezi ujao!" Mabango ya siku hizi yanatengenezwa na akili mnemba, yanang'aa kuliko ya kweli. Cha kukagua kwanza ni akaunti iliyoiweka hiyo trela. Kama si ya studio wala ya msanii, mashaka. Fungua maelezo ya chini uyasome mpaka mwisho, maana wengi huficha humo kwamba ni ya kubuni tu. Halafu tazama nywele. Trela ya uongo huokota vipande vya filamu tofauti, kwa hiyo steringi anaingia mlangoni na nywele fupi, anatokea upande wa pili zimefika begani. Nilimwonesha mpwa wangu moja ya namna hiyo akakaa kimya siku mbili.

Nywele zinasema mengi, jamani, na hapa naongea kwa taaluma. Msanii akionekana barabarani na ndevu ambazo hajawahi kufuga, au kanyoa kipara ghafla, uliza yuko kazi gani. Mwaka 2017 Henry Cavill alikuwa na masharubu ya Mission: Impossible, huku akitakiwa arudie baadhi ya vipande vya Superman kwenye Justice League. Studio ya masharubu ikakataa asinyolewe. Wakayafuta kwa kompyuta, na mdomo wa juu ukatoka kama umevimba. Pesa yote ile, na wembe ni shilingi ngapi!

Kitu kingine: mdomo wa msanii si ushahidi. Andrew Garfield aliulizwa mara ngapi kama yumo kwenye Spider-Man ya Desemba 2021? Akakana, akaapa kwa uso mkavu, na filamu ilipotoka huyo hapo katikati ya kioo. Simlaumu. Bibi harusi naye haulizwi mahari ilikuwa kiasi gani akajibu.

Ukishaandika jina, utatamani kutoa hukumu. Toa, hiyo ndiyo raha yenyewe, ila iandike pembeni na tarehe, ili siku ikifika ucheke mwenyewe. Mwaka 2005 Daniel Craig alipotangazwa kuwa James Bond, watu waliwaka kwa sababu nywele zake ni za rangi ya dhahabu. Nywele! Kitu cha saa mbili na kopo moja la rangi. Mwaka 2006 wakamkataa Heath Ledger asiwe Joker, na mwaka 2009 akatunukiwa Oscar ilhali keshafariki. Hukumu yangu mwenyewe iliyoniumbua imo ukurasa wa Julai 2024, siku Robert Downey Jr., yule yule aliyekuwa Iron Man, alipovua kinyago San Diego akatangazwa kuwa adui, Doctor Doom. Niliandika: "Hawa wameishiwa." Machi uliofuata wakatoa majina ya Avengers: Doomsday kwa kuonesha migongo ya viti iliyoandikwa majina ya wasanii, kiti kimoja kimoja, kwa zaidi ya saa tano, majina ishirini na saba. Nikatazama vyote huku nasuka. Mtu aliyeishiwa hafanyi hivyo, na anayetazama viti saa tano hana haki ya kusema.

Posa ikienda vizuri nayo inapendeza kuifuatilia. Edi Gathegi kazaliwa Nairobi. Mwaka 2011 kwenye X-Men: First Class alipewa mtu ambaye mwili wake unajibadilisha asidhurike na chochote, kisha wakamuua mapema kabisa. Sisi tuliolelewa na kanuni ya "steringi hafi" tuliumia. Julai 2023 akatangazwa kuwa Mister Terrific kwenye Superman: penseli. Siku chache baadaye waigizaji wakagoma, mgomo ukaenda mpaka Novemba, penseli ikabaki penseli. Mwanzoni mwa 2024 kamera zikawashwa: bluu. Julai 2025 filamu ikatoka, na kuna kipande anapigana ufukweni ambacho nimekirudia mpaka mteja mmoja akaniuliza kama ni ndugu yangu.

Kwenye ukurasa wa 2026, Doomsday ilikuwa Mei 1, nimefuta, sasa Desemba 18. Tarehe nazo ni za penseli. Ya James Bond iko ukurasa wa nyuma: Juni 2025 walimtangaza mwongozaji, Denis Villeneuve, bila steringi, na hapo nimeacha mstari mtupu ambao wateja wanaujaza majina ya waume wanaowataka wao.

Juu kabisa kuna The Odyssey ya Christopher Nolan, Julai 17. Majina ya wasanii yalitoka Oktoba na Novemba 2024 kabla hata umma haujajua ni hadithi gani: Matt Damon, Zendaya, Tom Holland, Anne Hathaway, na Lupita. Kamera ziliwashwa Februari 2025, na safari hii Lupita nimemwandika kwa bluu, nikamwonesha mteja wangu wa Jumamosi kwa fahari zote. Akaiangalia ile bluu, akaikwaruza kwa ukucha, kisha akasema nauli ya Dar nitalipa mimi kwenda na kurudi, na bisi atanunua yeye akishamwona Lupita kwa macho yake.