Somo: Kurekodi muziki nyumbani kwa deki ya minidisc, na kuilinda kazi yako umeme ukikatika

Ndugu wanachama, hamjambo. Wengi mmeniomba somo hili tangu niliposema kwamba kanda za kwaya na za ngoma zilizo nyumbani kwangu hapa Dodoma nazihamishia kwenye minidisc. Nawaandikia wenye deki ya mezani, ile ya kuchomeka ukutani na kuunganisha na amplifaya. Mwenye ile ndogo ya mfukoni naye ataokota mawili matatu.

Kwa asiyeijua: minidisc ni diski ya milimita 64 iliyofungiwa ndani ya ganda la plastiki. Sony waliitoa sokoni mwaka 1992. Wakati wa kurekodi, leza hupasha joto nukta ndogo sana ya diski, na kichwa cha sumaku kilicho upande wa pili huandika hapo hapo. Bila joto hilo sumaku haifanyi kitu, ndiyo maana diski iliyolazwa karibu na spika haifutiki kama kanda. Unafuta na kurekodi upya tena na tena, na unakata, unaunganisha na kupanga nyimbo kwa rimoti tu, bila kompyuta. Muziki wetu wa Tanzania ya kati hauishi kwa dakika tatu. Ngoma ikikolea inakwenda nusu saa, na baadaye wewe ndiye unayeamua wimbo uanzie wapi. Kwa kazi hiyo, sijapata chombo cha nyumbani kinachonifaa kuliko hiki.

Hatua ya 1: Umeme, kabla ya kitu kingine chochote

Deki hizi zinatufikia kama mitumba. Igeuze, usome bamba la nyuma. Likisema 220 hadi 240 V, chomeka. Likisema 100 V, deki ni ya soko la Japani. 120 V ni ya Marekani. Hizo mbili ukizichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu za 230 V unaziunguza. Tafuta transfoma ya kushusha umeme mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye bamba. Deki yenyewe inakula wati chache tu, kwa hiyo transfoma ndogo inatosha, mradi usiichomeke pamoja na amplifaya. Na tafadhali, stebilaiza si transfoma ya kushusha. Stebilaiza inatuliza umeme ubaki pale pale kwenye 230. Deki ya 100 V itaungua hata ukiwa nayo.

Cha pili ni UPS, ile betri ndogo ya kompyuta inayoshika umeme ukikatika. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 5. Huku kwetu sishauri mtu arekodi kitu cha maana bila UPS.

Kama bado hujanunua, nenda dukani na diski yako. Usiridhike deki ikicheza tu. Rekodi dakika mbili, itoe diski, irudishe, sikiliza ulichorekodi. Kurekodi kunahitaji leza yenye nguvu kuliko ya kusikiliza, na kichwa cha sumaku kizima. Deki inaweza kucheza vizuri kabisa huku upande wa kurekodi umekwisha kufa. Muuzaji akikukatalia kujaribu, ondoka.

Hatua ya 2: Waya

Tumia waya wa pini nyekundu na nyeupe. LINE OUT ya deki ya kanda iende LINE IN ya minidisc. LINE OUT ya minidisc iende kwenye amplifaya. Simu pia inaingia, kwa waya wenye pini ya earphone upande mmoja na pini mbili upande wa pili. Kama chanzo chako kina tundu la optiko, lile linalotoa mwanga mwekundu, litumie, kwa sababu sauti inapita kama namba na haichukui mvumo wa umeme njiani. Kwenye kisimbuzi cha TV ingia kwanza kwenye mipangilio ya sauti uchague PCM, la sivyo deki haitaelewa kinachoingia.

Hatua ya 3: Chagua SP

Deki zilizotoka kuanzia mwaka 2000 nyingi zina MDLP, yaani namna za kurefusha muda. Kwa SP, yaani namna ya kawaida, diski ya dakika 80 inachukua dakika 80 za stereo. LP2 inakupa mara mbili, LP4 mara nne. Si muujiza: SP inatumia kilobiti 292 kwa sekunde, LP2 132, LP4 66 tu. Muda umeununua kwa kuuza sauti.

Kwa hotuba au mahubiri, LP2 haina neno. Kwa muziki wa Kigogo nasema SP, na sitabadilisha kauli. Fikirieni ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye kisanduku chake kuna matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, na ule mvumo unaosikika nyuma ya kila noti unatoka pale. Mpigaji anautafuta makusudi. Ni sehemu ya muziki, si kelele. Sasa LP4 inapopunguza data, vitu vya namna hiyo, vidogo na vya juu, ndivyo vinavyoharibika kwanza. Mvumo unageuka kama maji yanayochuruzika. Zeze nalo linapoteza ule ukwaruzo wa upinde juu ya nyuzi. Marehemu Hukwe Zawose aliitoa sauti hii Dodoma akaifikisha duniani mpaka alipofariki mwaka 2003, na watu wa mbali waliipenda ikiwa na mvumo wake wote. Sioni sababu ya sisi tulio hapa kuihifadhi ikiwa imechujwa.

Kama kanda yako ni ya mono, chagua MONO. Diski inakupa muda mara mbili, na hapo hupotezi kitu.

Hatua ya 4: Kipimo cha sauti, kisha rekodi

Bonyeza REC. Deki nyingi za mezani zinasubiri kwanza, hazianzi mpaka ubonyeze PLAY au PAUSE. Wakati inasubiri, chezesha kanda mahali penye sauti kubwa kuliko pote. Usichague mwanzo wa wimbo. Kama ni muheme, tafuta pale akina mama wanapozipiga ngoma zao kwa nguvu zote. Zungusha kitufe cha REC LEVEL mpaka vijiti vya kipimo vikaribie juu bila taa ya OVER kuwaka. Kanda ikizidiwa inakwaruza kidogo kidogo na sikio linavumilia. Hapa sauti ikivuka kikomo inapasuka papo hapo, na hakuna dawa baadaye. Mimi huacha nafasi ya kutosha, kwa sababu mpiga ngoma hatoi taarifa kabla ya kuongeza nguvu.

Deki nyingi za Sony zina kitu wanachokiita Time Machine: deki inahifadhi sekunde chache zilizopita hata kabla hujabonyeza. Ukirekodi kutoka redioni, wimbo ukaanza ghafla, bonyeza tu, utaupata na mwanzo wake.

LEVEL-SYNC ni ile namna ya deki kuweka alama ya wimbo mpya kila isikiapo kimya cha sekunde mbili hivi. Kwa kanda ya kwaya inafaa sana. Kwa ngoma izime, maana mwimbaji akivuta pumzi deki inadhani wimbo umekwisha.

Hatua ya 5: TOC

Hapa ndipo kazi za watu wengi zinapopotelea. Diski ina sehemu ndogo inayoitwa TOC, ambayo inaieleza deki wimbo upi unaanzia wapi na kuishia wapi. Unaporekodi, sauti inaandikwa kwenye diski muda wote. Lakini kwenye deki nyingi za mezani TOC haiandikwi wakati huo. Deki inaishikilia kwenye kumbukumbu yake, na inaiandika pale tu unapotoa diski kwa EJECT au unapoizima kwa kitufe cha POWER. Umeme ukikatika katikati, sauti ipo kwenye diski lakini deki haijui kama ipo. Shamba lipo, hati hakuna. Ukiirudisha diski, itakusomea Blank Disc au itakuonyesha zile nyimbo za zamani tu.

Kwa hiyo mazoea yawe haya. Ukimaliza kurekodi, bonyeza STOP, kisha EJECT papo hapo. Kwenye kioo neno TOC litawakawaka huku deki ikiandika. Usiguse kitu, usisogeze deki, usichomoe waya. Neno likizimika na diski ikatoka, sasa umerekodi. Usiache diski ndani ukaenda kula, ukasema utapanga nyimbo jioni. Kama unarekodi kitu kirefu, sherehe nzima kwa mfano, tumia mapumziko yoyote yatakayotokea: simamisha, toa diski, irudishe, endelea. Unapoteza chini ya dakika moja.

UPS haiko pale ili uendelee kurekodi gizani. Inakupa muda wa kubonyeza STOP na EJECT.

Hatua ya 6: Kukata na majina

DIVIDE inakata wimbo kuwa miwili, COMBINE inaunganisha, MOVE inahamisha, ERASE inafuta. Kata kwanza, futa baadaye. Majina andika mafupi, kwa sababu diski nzima inabeba herufi 1,700 hivi. Mimi huandika jina la kikundi, kijiji na mwaka. Ukimaliza, EJECT tena, kwa sababu mabadiliko haya nayo yako kwenye kumbukumbu mpaka TOC iandikwe. Kisha sogeza kile kijiti kidogo kwenye ukingo wa ganda mpaka tundu lionekane. Diski imefungwa, hairekodiwi juu yake.

Maswali ya wanachama

*Mwanakwaya, Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. Naweza kuchomeka maiki moja kwa moja kwenye deki nirekodi kwaya yetu?*

Marahaba. Deki nyingi za mezani hazina tundu la maiki, na LINE IN haina nguvu ya kuikuza. Pitisha maiki kwenye mixer yenu ya kanisani, kisha toa waya kutoka kwenye mixer kwenda LINE IN. Na weka maiki mbali kidogo na kinanda, maana waimbaji ndio wanaotakiwa kusikika.

*Mwanachama, Kondoa: Rafiki amenipa diski. Kwenye deki yangu dakika zinahesabu lakini ni kimya kabisa. Diski imekufa?*

Haijafa, kaka. Imerekodiwa kwa LP2 au LP4, na deki yako ni ya kabla ya MDLP. Angalia jina la wimbo, huenda linaanza na LP:. Ichezeshe kwenye deki yenye MDLP utaisikia.

*Mwanachama, Kisasa: Nilinakili CD kwenda minidisc kwa optiko. Sasa nataka kuitoa minidisc hiyo kwenda nyingine kwa optiko, inaandika Cannot Copy.*

Ni kinga ya kunakili iliyowekwa makusudi: inaruhusu nakala ya kidijitali mara moja tu, nakala ya nakala inakataliwa. Tumia waya wa pini nyekundu na nyeupe, itakubali. Ila muziki wa mtu usiunakili kwa kuuza.

*Dada wa Chamwino: Upepo wa huku unaleta vumbi jingi. Deki imeanza kuandika Disc Error kwa diski zote.*

Pole, dada. Ikiwa ni diski zote, tatizo liko kwenye deki na si kwenye diski. Ganda linailinda diski, lakini lenzi ya leza haina mlinzi. Mpelekee fundi mwenye mkono mwepesi, aisafishe lenzi kwa pamba na spiriti safi bila kukandamiza. Mwambie asiguse kile kimkono cha kichwa cha sumaku juu yake. Kikipinda, deki haitarekodi tena. Baada ya hapo ifunike kwa kitambaa kila usipoitumia, lakini usiifunike ikiwa inafanya kazi, na usiiweke juu ya amplifaya.

*Mwanachama, Singida: Diski mpya bado zinatengenezwa?*

Sony walisitisha utengenezaji wa diski za kurekodi Februari 2025. Deki zenyewe waliziacha mwaka 2013. Zilizobaki ni akiba za madukani na mitumba. Diski iliyotumika usiiogope, kwa kuwa inafutika na kurekodiwa upya vizuri. Ila kabla ya kuifuta sikiliza kilichomo.

*Mzee mmoja, Bahi: Mwanangu, nilirekodi ngoma ya jando ya wajukuu, umeme ukaenda kabla sijatoa diski. Sasa inasema Blank Disc. Hakuna namna?*

Shikamoo mzee. Pole sana. Namna inaweza kuwepo, kwa sharti moja: usirekodi kitu chochote juu ya diski hiyo, hata sekunde moja. Ifunge kwa kile kijiti, iandike kwa kalamu, iweke kando. Sauti iko pale. Fundi anayezijua deki hizi anaweza kutumia diski nyingine yenye wimbo mmoja mrefu unaojaza diski nzima, akaisoma TOC yake kwenye deki iliyofunguliwa, akabadilisha diski bila deki kugundua, kisha akailazimisha iandike TOC hiyo kwenye diski yako. Ikikubali, ngoma yote itatokea kama wimbo mmoja, na utaukata kwa DIVIDE. Afanye mazoezi kwanza na diski isiyo na kitu, asianze na ya wajukuu.

*Mwanachama, Ipagala: Kutoka minidisc kwenda kompyuta inakuwaje?*

Kutoka deki ya mezani ni kwa muda halisi: LINE OUT kwenda tundu la kuingiza sauti la kompyuta, unarekodi huku ikicheza. Saa moja ya muziki ni saa moja ya kusubiri. Hifadhi kama WAV, si MP3, kwa kuwa sauti ilishapunguzwa mara moja na hakuna haja ya kuipunguza tena. Nakala hiyo iweke sehemu mbili, na moja wapelekee wenyewe walioimba.