Ukibadili sheria za mchezo, wakazi wa dunia yako watakula nini?

Mwongozo huu ni wako wewe msimulizi: unayeendesha mchezo wa kuigiza wahusika, ukieleza habari za majoka, mahekalu na masoko huku wenzako wakirusha kete za pande 20. Kundi letu hukutana Jumamosi huku South B, Nairobi. Tangu Septemba 2024, kilipotoka kitabu kipya cha wachezaji cha mchezo maarufu wa aina hii, Dungeons & Dragons, makundi mengi yamekuwa yakijiuliza yahamie lini sheria mpya. Hilo ni jepesi. Kazi iko kwingine: hadithi inaendelea, na mji mzima wa watu wasiojua lolote kuhusu vitabu vyako unaamka na kukuta mambo yamegeuka. Wachezaji watawatetea wahusika wao, tena kwa kelele. Wakazi hawana msemaji ila wewe.

Hatua ya 1: Tenga sheria ya hesabu na sheria ya maumbile

Kuna sheria ambazo ni namna ya kuhesabu tu. Zamani katika Dungeons & Dragons, vazi la vita likiwa bora zaidi, namba yake ilishuka. Toleo la tatu, mwaka 2000, likaigeuza hesabu hiyo, namba ikawa inapanda. Mhunzi aliyefua deraya hizo hakusikia chochote, na panga la adui halikujua tofauti. Sheria ya aina hiyo ipitishe mezani, mwendelee na mchezo.

Kupona ni habari nyingine. Katika matoleo ya awali, majeruhi alirudishiwa pointi moja ya uhai kwa siku ya mapumziko. Katika toleo la tano la 2014, akilala usiku mmoja vizuri, zote zinarudi. Aliyepoteza pointi 20 alikuwa analala karibu wiki tatu. Sasa anaamka asubuhi kudai chai. Hayo ni maumbile ya dunia yamebadilika, na kuna watu walikuwa wamejenga maisha juu yake: mwenye nyumba ya wagonjwa, kijana wa kupeleka uji, jemadari aliyepanga vita vyake akijua majeruhi hawarudi mstari wa mbele msimu huo.

Hatua ya 2: Amua sheria ni ya nani

Je, kulala na kuamka mzima ni kwa kila mtu, au ni kwa mashujaa wa wachezaji peke yao? Vitabu vingi vya sasa vimeandikwa kwa ajili ya mashujaa, kwa hiyo una ruhusa ya kuwaacha wakazi na miili yao ya kawaida. Ila ukichagua hivyo, watu wataona. Mtu aliyeletwa jana kwa machela akikutwa leo akinunua mihogo sokoni, lazima atasemwa. Mimi hupendelea njia hii kwa sababu umbeya ni chanzo kizuri cha hadithi, lakini usiichague kwa uvivu wa kufanya hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Mtafute anayekula kwa sheria ya zamani

Hapa ndipo ukae zaidi. Sisi Wakenya tuna mfano uliokamilika: sheria za matatu za Waziri Michuki za 2004. Mtu akizikumbuka anataja mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Lakini sheria hizo hizo zilimpa kazi fundi cherehani wa kushona sare za madereva na makondakta, zikampa kazi mtu wa kupaka ule mstari wa njano ubavuni mwa matatu, na zikamwacha stejini abiria aliyezoea kusafiri amesimama. Hao watatu ndio unaowatafuta katika dunia yako: anayepata kazi, anayeuza kitu kipya, anayeachwa.

Chukua karatasi, andika sheria katikati, kisha uliza: nani anaiuza, nani anainunua, nani anasubiri foleni? Jibu kwa hesabu, usijibu kwa kukisia.

Tuchukue dua ya kuponya, Cure Wounds. Katika sheria za 2014 unarusha kete moja ya pande 8. Katika zile za 2024 unarusha mbili. Wachezaji wangu walishangilia. Mkulima je? Mtu wa kawaida katika kitabu cha 2014 ana pointi 4 za uhai. Kete moja, ukiongeza ile 3 ya kuhani mzoefu, ilikuwa inamjaza hata ikianguka kwenye 1. Kwa hiyo mkulima hakupata chochote kipya.

Sasa mpime mlinzi wa lango, mwenye pointi 11. Akiwa hoi kabisa, dua ya zamani ilimpa wastani wa 7.5, kwa hiyo mara nyingi alihitaji ya pili. Dua mpya inampa wastani wa 12: mara nyingi moja inatosha. Maana yake kuhani aliyekuwa akimaliza dua zake zote kambini anabakiwa na akiba jioni, na akiba hiyo inaweza kwenda kwenye foleni ya maskini nje ya hekalu. Mkulima amefaidika hatimaye, ila kwa kupitia kwa askari. Usipopiga hesabu, hungeijua njia hiyo.

Zoezi la haraka: mwanga. Katika toleo la tatu, mwanafunzi wa uganga aliwasha mwanga mara chache kwa siku. Tangu la nne, 2008, anawasha apendavyo. Usikimbilie kumfukarisha muuza mafuta ya taa. Katika toleo la tano mwanga ule hukaa saa moja, na mtu huwasha mmoja tu kwa wakati. Mwanafunzi mmoja hawezi kumulika mtaa mzima. Anaweza kumulika ghala la tajiri.

Hatua ya 4: Chagua mlango wa mabadiliko

Njia ya kwanza: imekuwa hivyo tangu zamani, hakuna anayekumbuka vingine. Inafaa kwa mambo madogo.

Njia ya pili ni tukio. Forgotten Realms, moja ya dunia za mchezo huu, imeizoea. Toleo la pili la 1989 lilipoondoa fani ya wauaji wa kulipwa, ikasimuliwa kwamba wauaji wote wa Faerûn, bara la dunia hiyo, walikufa kwa mkupuo katika msukosuko wa miungu. Toleo la nne lilipobadili uganga, mungu wa uganga aliuawa na hadithi ikaruka karibu karne nzima. (Kuwa mungu katika dunia ile ni kazi isiyo na pensheni.) Mimi naona ni gharama kubwa mno kwa meza ya watu watano. Ukiua mungu kwa kila toleo, wakazi wataacha kushtuka.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitumia: sheria mpya iingie kama ujuzi. Kuhani kutoka mji wa mbali amekuja na namna mpya ya kusoma dua. Wanaomfuata wanaponya kwa kete mbili, wakaidi wanabaki na moja. Kwa miezi michache sheria zote mbili ziko hai, na hekalu limegawanyika.

Hatua ya 5: Itie vinywani mwa watu

Usitangaze, gombanisha. Kwetu, wachezaji walifika kambini wakamkuta kapteni na kuhani mzee wakivutana:

"Mama, zamani ulikuwa unatumia dua mbili kwa askari mmoja, nikakulipa za mbili. Leo umetumia moja."

"Mwanangu, wewe unanunua dua, au unanunua askari aliyesimama?"

Wachezaji walitumia saa nzima kuamua nani ana haki, na hakuna aliyefungua kitabu.

Hatua ya 6: Shughulikia waliochelewa

Hii wengi huiruka. Sheria ikilegea, kuna aliyeumia chini ya ile ya zamani. Katika vitabu vya 2003, kumfufua maiti kwa Raise Dead kulihitaji almasi za sarafu 5,000 za dhahabu. Katika toleo la tano ni almasi ya 500, lakini marehemu asiwe amezidisha siku 10. Ukihama kutoka la zamani kwenda jipya, mjane aliyeshindwa na zile 5,000 atabisha hodi hekaluni akiwa na 500 mkononi, na mumewe ana siku 11 kaburini.

Usimwonee huruma kwa kupindisha sheria. Siku 10 ni 10. Badala yake, kuhani ataje uganga mwingine wa kufufua, Resurrection, unaofika hadi miaka 100 kwa almasi ya sarafu 1,000. Mweke aliye na uwezo huo mji wa tatu, ng'ambo ya njia yenye majambazi, na mjane awaombe mashujaa waende naye. Hapo una kazi ya Jumamosi tatu, na zile 500 zinazopungua zitafutwe njiani.