Ukikuta "nice" kwenye Kiingereza cha zamani usikimbilie "nzuri"

Hii ni kwa wanaosoma au kutafsiri Kiingereza cha zamani, maana haka kaneno kanaangusha watu wengi sana, na mbaya zaidi ukikosea hata hushtuki, sentensi inaonekana iko sawa tu.

Kabla hujafungua kamusi angalia kwanza kitabu kiliandikwa lini. Nice asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua, ikapita Ufaransa ikawa mjinga, na ilivyoingia Uingereza kwenye mwaka 1300 hivi ilikuwa bado tusi, ukimwita mtu nice umemwambia hana akili. Baadaye ikawa mtu wa kuchaguachagua, ikawa pia kitu chembamba kinachotaka jicho makini, hii ya "nzuri, ya kupendeza" tunayoijua sisi imeshika karne ya 18. Ila hizo maana hazikupishana kwa zamu, zimekaa nyumba moja miaka mingi, so mwaka peke yake hautoshi.

Hapo sasa angalia maneno jirani, na hapa ndo pa kutulia. Chukua Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya 1590. Mtawa Laurence kamtumia Romeo barua ya kumwambia Juliet hajafa, ni dawa tu imemlaza, ila aliyepewa kuipeleka kafungiwa ndani kwa hofu ya tauni na barua ikarudi ilivyo. Laurence anasema: "The letter was not nice but full of charge". Iangalie hiyo but. Inakwambia nice imewekwa kinyume na full of charge, na full of charge ni kubeba jambo zito, kwa hiyo nice hapo ni kitu kidogo, cha kupuuza. Anachosema ni kwamba barua ile haikuwa ya mchezo. Ukiandika "barua haikuwa nzuri" umemwondolea mtawa hofu yake yote, na yule anajua kabisa kuna mtu anaweza kufa kwa kuikosa hiyo karatasi.

Kama jirani hasaidii, jaribisha maana mojamoja kwenye sentensi, mjinga, mchaguzi, makini, nyembamba, dogo, nzuri, uone ipi inakaa bila kulazimishwa. "A nice distinction" kwa mfano inasemwa mpaka leo na ni tofauti nyembamba sana, uzuri haumo kabisa.

Kamusi za mfukoni achana nazo kwa kazi hii. Oxford English Dictionary inaanza na maana ya zamani zaidi na kila mfano una mwaka wake, ya mtandaoni ni ya kulipia lakini ulizia maktaba ya chuo, na ukikosa ingia etymonline, tovuti ya asili ya maneno ya Kiingereza, hiyo ni bure.

Ukifika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1817, utakuta Henry Tilney anamtania Catherine kwamba siku hizi kila kitu ni nice, siku, matembezi, mpaka wasichana. Ukiona hivyo jua neno lilishalegea, "nzuri" hapo weka bila wasiwasi.

Na kama unadhani ni mambo ya Waingereza tu, sikiliza "chai imepoa" halafu "chai iko poa". Moja ni lalamiko, nyingine sifa, na mzizi ni mmoja. Mgeni mwenye kamusi tu lazima ateleze hapo, sisi na nice yao ndo tuko kwenye nafasi yake.

Ukishaizoea nice nenda kwa silly, yenyewe imetembea njia hiyohiyo ila kwa kurudi: ilianza na mwenye heri, aliyebarikiwa, ikaja asiye na hatia, ikaja wa kuhurumiwa, mpaka ikafika mjinga. Mwaka kwanza, jirani baadaye, kamusi mwisho.