Gari lenye injini iliyokufa: kabla hujatuma hela Dar

Uko nje ya nchi, na ujumbe unakukuta ndiyo kwanza unatoka kazini, umechoka. Picha nne za Toyota IST nyeusi iliyoegeshwa chini ya mwembe Tabata, matairi mawili hayana upepo, na sauti ya mdogo wako: "Kaka, injini tu ndiyo imekufa, bodi safi kabisa. Tukifunga injini ya Japani tumepata gari kwa nusu bei."

Sisemi usinunue. Nimenunua mawili ya namna hiyo nikiwa nje. Moja mpaka leo linapeleka watoto wa dada yangu shule, lingine lilinitia hasara ninayotamani wewe uikwepe. La kwanza nilijua injini yake ilikufaje kabla sijalipa. La pili nilikuja kujua baadaye.

Kwa hiyo hela ya kwanza kutuma iwe ya fundi. Awe fundi wako, si wa dalali wala wa muuzaji, na alipwe siku yake hata akikwambia gari halifai. Mpigie video akiwa pale pale. Afungue kifuniko cha oili akigeuze mbele ya kamera: ukiona utando wa rangi ya chai ya maziwa, mara nyingi maji yameingia kwenye oili, yaani gasketi ya hedi (kichwa cha injini) imeungua, au hedi yenyewe imepinda au kupasuka. Achomoe kijiti cha oili akifute kwenye karatasi nyeupe. Vumbi linalometameta humo mara nyingi ni beringi zilizosagika, na hapo kreniki, ile shafti kuu ya injini, nayo ina mashaka. Kama stata bado inazungusha, achomoe plagi apime kompresheni (nguvu ya mgandamizo) silinda moja moja. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imekatika katikati yake. Kama haizunguki, aweke spana kwenye bolti ya puli ya kreniki asukume kwa mkono. Ikigoma kabisa, piga hesabu ya injini nzima na usikubali neno "gasketi tu".

Injini nyingi Dar zinauawa na joto. Foleni ya Morogoro Road, AC imewashwa, themostati (vali inayoongoza maji ya kupoza injini) ilishatolewa na fundi fulani "ili gari lisichemshe", na rejeta inajazwa maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti, maji maalumu ya kupoza injini. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo inakula alumini ya hedi na rejeta taratibu. Ukifungua mfuniko wa rejeta ukakuta maji ya rangi ya kutu, umeshampata muuaji. Injini nyingine ukiifunga kwenye rejeta ile ile itakwenda njia ile ile, kwa hiyo rejeta, pampu ya maji, themostati na kulanti viingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Langu la pili lilikuwa la mafuriko. Masika, pale Jangwani mto Msimbazi unapofurika, kuna madereva wanalazimisha kupita. Maji yananyonywa kwenye njia ya hewa, pistoni inakutana na kitu kisichobanika, konrodi, fimbo inayoshika pistoni, inapinda. Injini tulibadilisha, gari likaenda vizuri wiki sita, kisha likaanza kuzima njiani, taa za dashibodi zinawaka ovyo. Soketi za waya zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Nililipa mafundi umeme watatu. Kumbe ingetosha mtu mmoja avute mkanda wa kiti mpaka mwisho aone mstari wa tope, au ainue kapeti anuse. Ukikuta tope humo, achana nalo, hata wakupe kwa bei gani.

Ukiridhika, linganisha injini na gari. IST yenye chesisi ya NCP60 ina injini ya 2NZ ya cc 1298, ya NCP61 ina 1NZ ya cc 1496. Usiletewe yoyote kwa maneno ya "zinaingiliana". Kariakoo na Ilala utapata, ila taka risiti ya EFD (mashine ya kodi) yenye namba ya injini, na garantii iandikwe hapo hapo. Muuza injini mlipe moja kwa moja, hela isipitie mikono mitatu.

Kisha chukua bei ya gari kama hilo linalotembea. Toa bei ya hili, injini, mfumo wa kupoza, ufundi, kulivuta, betri na matairi. Mimi kilichobaki kisipofika robo ya bei ya gari linalotembea, siingii.

Kwenye karatasi usilegee kwa sababu anayeuza ni mtu wa mtaani kwenu. Jina la kwenye kadi ya gari liwe la anayesaini, namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, mkataba usainiwe kwa wakili. Angalia faini za trafiki na madeni ya maegesho kwa namba ya gari. Umiliki uhamishwe TRA (mamlaka ya mapato) kwa jina lako au la ndugu mliyekubaliana waziwazi. Namba ya injini nayo iko kwenye mfumo, kwa hiyo ukibadilisha injini katoe taarifa, la sivyo siku ya kuuza utahojiwa wewe.

Kabla gari halijaingia gereji, ndugu yako apige picha alteneta, stata, kompresa ya AC na masega ya ekzosi (kichujio cha moshi), kila kimoja kiwekewe alama ya rangi. Langu liliingia na alteneta nzima likatoka na iliyochoka, na sikuwa na ushahidi wowote. Ufundi ulipwe kwa awamu.

Awamu ya mwisho ishikilie. Waambie waliendeshe Ubungo mpaka Kibaha na kurudi, jioni yenye foleni, AC imewashwa, na mdogo wako akurekodie geji au taa ya joto kwenye dashibodi wakiwa wamesimama Mbezi. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, afungue tena kile kifuniko cha oili mbele ya kamera. Kikiwa safi, tuma iliyobaki.