Namna ya Kupima Chemchemi na Kupanga Miti ya Kidakio Kabla ya Kupanda

Chemchemi inapoanza kupungua, jambo la kwanza kusemwa mkutanoni ni kwamba miti imekatwa, na la pili ni kwamba ipandwe mingine. Kwa kawaida miche inayopatikana kwa wepesi ni ya mikaratusi, nayo hupelekwa pale pale penye unyevu kwa kuwa hushika upesi. Miaka michache baadaye miti imenyooka, nguzo zinauzwa, na foleni ya ndoo kisimani imekuwa ndefu kuliko ilivyokuwa. Mwongozo huu unaeleza kazi inayopaswa kutangulia upandaji: kujua maji ya chemchemi yanaanzia wapi, yaani kidakio chake (eneo lote ambalo mvua yake hushukia upande wa chemchemi), yanatoka kwa kiasi gani, yanazama ardhini kwa kasi gani, na miti iliyopo inayatumia vipi. Mifano mingi nimeichukua katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ambako vijito vinavyoungana kuwa mto Ruvu huanzia, mto ambao wakazi wa Dar es Salaam huunywa bila kuuona. Vifaa vinavyohitajika ni ndoo ya lita 20, saa yenye mshale wa sekunde, makopo, rula, nyundo na daftari.

Mti hufanya nini na maji

Jani la mti lina vitundu vidogo mno, ambavyo vitabu vya sayansi huviita stomata, na mti huvifungua ili kupokea hewa unayoitumia kujitengenezea chakula. Kila vinapofunguka, mvuke hutoka, na maji yanayopotea majani huvuta mengine kutoka kwenye shina, nalo shina huvuta kutoka mizizini, kama uzi mmoja usiokatika. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mizizi huishia angani kwa njia hiyo, na ni sehemu ndogo tu inayobaki ndani ya mti. Aidha, mvua inaponyesha, sehemu yake hunaswa na majani na matawi, kisha hukauka hapo hapo bila kugusa ardhi.

Kwa upande wa pili, mti huo huo huangusha majani yanayooza na kuwa mboji, hulisha minyoo na mchwa wanaotoboa udongo, na mizizi yake inapokufa huacha mifereji ambamo maji hushuka chini badala ya kutiririka juu. Katika vilele vinavyofunikwa na mawingu kama vya Uluguru kuna faida nyingine: ukungu hugusana na majani na mimea midogo iliyoning'inia matawini, kisha hudondoka matone hata siku ambayo kipimo cha mvua kilichowekwa uwanjani ni kikavu.

Mti, basi, hunywa maji na vilevile huyafungulia njia ya kuingia ardhini, na upande upi unazidi hutegemea mahali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa misitu na kilimo wa Afrika Mashariki walianza kulinganisha mabonde mawili madogo karibu na Mbeya, moja likiwa na msitu na jingine likilimwa. Kinyume cha matarajio ya wengi, bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi mtoni, kwa sababu udongo wake wa majivu ya volkano uliendelea kufyonza mvua hata baada ya kulimwa, ilhali msitu wa jirani ulinywa maji mwaka mzima. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, kijito kilikauka kabisa miaka 9 baada ya bonde lake la majani kupandwa mikaratusi. Miti ilipokatwa ikiwa na umri wa miaka 16, kijito hakikurudi mara moja. Kilichukua miaka mingine 5, kwa kuwa mizizi ilikuwa imekausha akiba ya chini sana na mvua ilipaswa kuijaza kwanza.

Sisemi hayo ili misitu ifyekwe. Udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa na mifugo hauna tabia ya majivu ya Mbeya, na mteremko mkali ulioachwa wazi hushuka wote mtoni pamoja na maji. Ninachosema ni kwamba jibu lako limo katika udongo wako, na linapimika.

Kupima

Anza kwa kuchora kidakio. Simama kwenye chemchemi, tazama juu, kisha tembea hadi kwenye mgongo wa mlima na uufuate, ukijiuliza kila mahali: tone likianguka hapa, litashukia upande wangu au upande wa pili? Mstari utakaoufuata ndio mpaka wa kidakio, ingawa maji ya chini ya ardhi hayaheshimu mpaka huo kila mara. Andika ndani yake kuna nini: msitu, mashamba, njia za ng'ombe, makaburi, vichaka. Nenda na mzee anayekumbuka mahali hapo palikuwaje zamani, maana mara nyingi atakuonyesha chemchemi nyingine iliyokufa, nayo itakuambia mengi.

Kisha pima chemchemi yenyewe. Kusanya maji yote yapite kwenye bomba moja au ganda la mgomba, weka ndoo ya lita 20, na uhesabu sekunde mpaka ijae. Rudia mara tatu na uchukue wastani. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilikadiria lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kwa hiyo maji hayo, yakihifadhiwa yote kwenye tangi, yangetosha watu wapatao 1,700. Pima kila wiki, siku ile ile. Nami niliwahi kujidanganya kwa kupima mwezi wa Aprili pekee, masika ikiwa imekolea, na kuridhika na ndoo iliyojaa kabla sijamaliza kuikalisha sawa. Kipimo chenye maana ni cha Septemba na Oktoba, kabla ya vuli.

Kwa mvua, kopo lolote lenye kuta zilizonyooka linafaa. Liweke mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, na kila siku saa 3 asubuhi, ambayo ndiyo saa ya vituo vya hali ya hewa nchini, pima kina cha maji kwa rula, uandike, kisha uyamwage. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, na kwa ekari moja ni zaidi ya lita 4,000. Weka makopo mengine manne au matano ya namna hiyo chini ya miti, ukiyatawanya, kwa kuwa tawi moja huweza kumwagia kopo moja kama mfereji na kulinyima jingine. Tofauti kati ya kopo la wazi na wastani wa yale ya chini ya miti ni mvua iliyonaswa juu, ukiacha ile kidogo inayoshuka kwa kufuata shina. Utaona kwamba manyunyu ya milimita 2 au 3 huenda yasifike chini kabisa, ilhali mvua kubwa hupita karibu yote.

Kipimo cha udongo ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa zaidi. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, ondoa kitako ili libaki bomba fupi lililo wazi pande zote mbili, tenga kwa upole majani makavu bila kuukwangua udongo, kisha weka kipande cha ubao juu ya kopo na uligonge kwa nyundo mpaka lizame sentimita 5. Mimina maji yafikie kina cha sentimita 5 juu ya udongo na uangalie saa. Maji ya kwanza hulowesha udongo tu, kwa hiyo usiyahesabu. Jaza tena mpaka kina kile kile, na uhesabu ya mara ya pili na ya tatu. Sentimita 5 ni sawa na mvua ya milimita 50. Yakizama kwa dakika 10, udongo huo unaweza kumeza mvua yoyote utakayoiona maishani mwako. Yakichukua saa nzima, mvua kali ya masika itauzidi na kuanza kutiririka. Yakikaa mpaka ukaenda kula na kurudi, umepata chanzo cha matope yanayoziba banio lako, yaani mahali maji yanapokingwa ili yaingie kwenye bomba. Fanya hivyo msituni, shambani, chini ya mikaratusi na kwenye njia ya ng'ombe, angalau mara tatu kila mahali, na uyaandike yote kwenye ramani uliyoichora.

Kuamua nini kipandwe, na wapi

Ikiwa udongo wa mteremko bado unafyonza vizuri lakini chemchemi inapungua wakati wa kiangazi, shuku wanywaji kabla ya kushuku ukataji. Tazama mikaratusi na misindano iliyo karibu na chemchemi na kandokando ya kijito, ambako mizizi hufikia maji bila shida. Ikiwa udongo umeshikamana na maji hutiririka, kazi ya kwanza ni kuufungua, na hapo miti ni msaidizi tu: hamisha njia ya mifugo, chimba makinga maji yanayofuata kontua, yaani mstari wa mteremko wenye kimo kile kile, panda majani ya mabingobingo au vetiva kwenye kingo zake, na uache mabaki ya mazao shambani badala ya kuyachoma. Makinga maji haya yakubaliwe na wenye mashamba kwanza. Waluguru walilazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 mradi huo ulivunjika kwa ghasia. Wazee wa milimani hawajasahau, na ukija na jembe kabla ya maneno utakumbushwa.

Kuzunguka chemchemi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 dhidi ya shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo. Kabla ya kukata au kupanda humo, zungumza na serikali ya kijiji, ofisa misitu na Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa upande wa Uluguru wa Morogoro ni ya Wami/Ruvu. Miti ya asili inayofaa hapo ni ile inayoota yenyewe kwenye mabonde ya jirani: mkuyu, mzambarau mwitu, mkenge na wenzao. Nayo hunywa maji, lakini hukua polepole, hufunika udongo, na huruhusu majani na vichaka kuota chini yake. Usifyeke vichaka hivyo kwa ajili ya usafi. Mtiki uliopandwa peke yake unaonyesha hatari yake: majani yake mapana hukusanya mvua na kuidondosha kwa matone makubwa, na ikiwa chini yamechomwa moto, matone hayo huchimbua udongo kuliko mvua ya uwanjani.

Mikaratusi iweke mbali, kwenye mashamba ya kuni na nguzo yasiyo juu ya chemchemi, kwa sababu kijiji bado kinahitaji kuni, na asiyekuwa nazo atazifuata msituni. Iliyokwisha kuota karibu na maji iondolewe kwa awamu: panda miche ya asili katikati yake masika ya kwanza, kata theluthi moja ya mikaratusi mwaka unaofuata, na uendelee hivyo. Usiing'oe visiki, kwa kuwa vinashikilia ukingo. Lakini kisiki cha mkaratusi huchipua ndani ya wiki chache, na machipukizi yakiachwa hunywa kwa pupa, hivyo yakatwe kila mwezi mpaka kisiki kichoke. Pangeni zamu ya kazi hiyo tangu mwanzo, mkiitaja kwa majina na tarehe kwenye daftari lile lile la chemchemi, na mwendelee kuijaza ndoo kila wiki, kwa kuwa badiliko la kuaminika huonekana mnapolinganisha Oktoba na Oktoba, si mwezi huu na uliopita.