Kabla hujaenda leba, fikiria na sukari ya mtoto

Wamama wenzangu, mtu akikaribia kujifungua tunamkumbusha pamba, glavu, leso, ila sukari ya mtoto, ile ya kwenye damu, hakuna anayeitaja. Akiwa tumboni anaipata kupitia kitovu, kikikatwa tu inabidi ajitegemee, na masaa ya kwanza inashuka, wengi inapanda yenyewe wakinyonya lakini wengine haipandi na inaweza kudhuru ubongo.

Kwa iyo anza na wewe: kama una ugonjwa wa sukari, au ilikupanda na mimba, kama wiki 37 hazijafika, au skani imeonyesha mtoto mdogo ama mkubwa sana, mwambie mkunga mapema. Na uliza hapo hapo kama wana mashine ya kupima sukari, stripu zake (vile vijikaratasi vya kuwekea damu), na dripu ya glukosi 10%, manake vituo vidogo vya afya saa ingine stripu zimeisha, ni heri ujue leo kuliko usiku wa uchungu. Mashine ikisoma sukari ya mtoto chini ya 2.5 mmol/L hapo ni matibabu, si kungoja.

Maziwa ya kwanza yale ya njano ndo dawa yenyewe, kidogo tu yanatosha, tumbo lake ni dogo. Anyonye ndani ya saa moja, halafu kila masaa 2 au 3, usiku pia, na akilala sana muamshe, mtoto anayelala tu bila kunyonya mie simuiti mpole. Ukiwa kliniki mwambie nesi akufundishe kukamua kwa mkono, beba kikombe kidogo safi. Jaja (bibi yake) akija na maji ya sukari mshukuru, lakini mtoto asipewe, yanamjaza tumbo na ziwa analiacha.

Baridi nayo inakula sukari, watu wa Kabale kule kwenye baridi mnanisikia. Kofia, soksi, alale kifuani pako ngozi kwa ngozi, kuoga kungoje masaa 24.

Akitetemeka, akilegea, akilia kwa sauti hafifu, akikataa ziwa, akiwa baridi au akipata degedege, hiyo ni safari ya hospitali saa ileile. Weka namba ya boda na ya mwenye gari tayari, hela pembeni, na njiani, kama anaweza kunyonya, aendelee, akiwa kifuani pako chini ya leso, siyo amefungwa peke yake kwenye shuka.